Makato ya Jozi: nani hurudisha kilichozidi?



Juzi ndugu yetu mmoja aliyeko Ulaya kaniandikia kwa uchungu. Kapata barua kwamba posho ya watoto aliyokuwa akilipwa "ilizidi", na kuanzia mwezi ujao itakatwa mpaka deni liishe. Wamemwambatanishia na karatasi ya kusaini. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, nisaini nisisaini?"

Mimi si mwanasheria, ni mwalimu wa historia, na mtu wa historia akiulizwa swali la leo hukimbilia la jana. Lakini nilipokaa kumjibu niliona kwamba mji huu ninaoishi una historia ndefu ya jambo hilihili, yaani kukata fedha ya mnyonge kabla haijamfikia mkononi. Historia hiyo ina mafunzo kwetu sote tulio ughaibuni, na hata kwa wale walio nyumbani. Basi jibu la mtu mmoja limegeuka makala. Mnivumilie.

Nianze na langu, nisije nikaonekana nasema ya wenzangu tu. Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa nasomea udaktari katika nchi moja ya Ulaya, mke wangu na watoto wawili nikiwa nao huko. Mama mzazi akaugua Tanga. Mke wangu akarudi kumuuguza, na watoto akaenda nao. Posho ya watoto ikaendelea kuingia benki kila mwezi, na mimi, kwa kichwa kilichojaa tasnifu na simu za usiku kutoka nyumbani, sikuliona hilo. Baada ya miezi mitano ikaja barua. Ilisema nimepokea fedha nisizostahili, na ilitaja jumla na tarehe, ikataja na adhabu endapo nitakaa kimya. Jamani, niliona aibu! Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilisaini siku ileile kwa haraka, kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani.

Makato yakaanza. Mwezi wa tatu nikaenda kwenye ile ofisi kuomba wapunguze kidogo, maana kodi ya chumba ilikuwa inanishinda. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa dirishani akaniuliza, "Hesabu uliipata?" Nikamwambia hesabu ipi, mimi nilipata jumla tu. Akaitafuta, tukaipitia pamoja mstari kwa mstari. Kumbe mwezi mmoja ulihesabiwa mara mbili. Deni lilikuwepo kweli, sikatai, lakini halikuwa lile nililolisaini. Na kama yule mama asingeuliza, ningelilipa lote na kushukuru.

Siku ile nilijifunza kwamba deni na hesabu ya deni ni vitu viwili tofauti. Nikaja Johannesburg nikiwa na somo hilo mfukoni, nikakuta mji mzima unaliishi.

MAKATO YALIANZIA MGODINI

Wazee wa Tukuyu na Mbeya wanaijua Wenela. Ni jina walilolitoa kwenye herufi za chama cha wenye migodi ya Witwatersrand kilichokuwa kikikusanya vibarua Kusini mwa Afrika, mpaka Tanganyika, kuja kuchimba dhahabu hapa. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika ikaufunga mlango huo, lakini kumbukumbu haikufa. Sasa, mchimbaji wa kutoka nje hakulipwa mshahara wake wote. Kwa watu wa Msumbiji, mkataba wa mwaka 1928 kati ya Afrika Kusini na Ureno uliweka utaratibu wa kuzuia sehemu ya mshahara na kuilipia kwao, baada ya mkataba kumalizika. Serikali ya Ureno ilipenda utaratibu huo kwa sababu ulimlazimisha mtu arudi, na kodi ikaweza kukatwa humohumo. Wenye migodi nao hawakuuchukia, kwani mtu ambaye fedha yake iko kwao hatoroki ovyo.

Mtu anaweza kusema, hiyo ni akiba, si makato. Sawa. Lakini angalia nani aliyeamua. Mchimbaji aliambiwa kwamba ni kwa faida yake. Neno hilo "kwa faida yako" ndugu zangu tulishike vizuri, maana tutakutana nalo tena.

Mwaka huohuo wa 1928 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya pensheni za uzeeni. Wazungu na Makaladi waliingia, Waafrika wakaachwa nje kabisa. Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika ana shamba na ukoo, vitamtunza. Hao wenye kutoa hoja hiyo ndio waliokuwa wamemnyang'anya shamba kwa sheria ya ardhi ya 1913. Ilipofika 1944 Waafrika na Wahindi wakaingizwa, lakini kwa viwango vya chini kwa rangi, na hata kati ya Waafrika wenyewe aliyeishi mjini alipangiwa zaidi kuliko wa shamba. Ukitaka kujua umuhimu wa kuandikwa, kawaulize Wazanzibari wa Durban. Hao ni wajukuu wa watumwa waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza na kushushwa Natal kuanzia 1873, wengi wao asili yao Wamakua. Utawala wa makaburu ukawaandika kama "Waasia wengine", ukawahamishia Chatsworth. Kalamu ya karani ndiyo iliyoamua mtu akae wapi, asome wapi, na uzeeni alipwe ngapi.

Usawa wa pensheni kwa rangi zote ulifikiwa 1993, mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi. Baadaye ikaundwa kamati chini ya Profesa Francie Lund, na kutokana na mapendekezo yake ruzuku ya mtoto ikaanza Aprili 1998: randi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa chini ya miaka 7. Umri ukapandishwa pole pole hadi 18. Leo hii ruzuku za kudumu zinazolipwa ni zaidi ya milioni 18. Mwaka 2025 ya mtoto ilikuwa randi 560, na ya mzee zaidi kidogo ya randi 2,300. Si fedha za kutajirisha mtu. Lakini ukipita Soweto au Alexandra siku ya malipo utaona kwamba pensheni ya bibi mmoja ndiyo unga, ndiyo nauli, ndiyo sare za shule za watu sita. Bibi huyo wenyewe wanamwita gogo, na Wagogo wa Dodoma watuwie radhi.

KWA NINI MALIPO HUZIDI?

Hapa naomba tutulie, maana wengi wetu tunadhani malipo yakizidi basi kuna mwizi. Si hivyo. Ruzuku za Afrika Kusini zinatolewa kwa kupima kipato. Ukipata kazi, ukiolewa, ukihamisha mtoto, ukipona ulemavu wa muda, unatakiwa uripoti. Maisha ya maskini hayakai mahali pamoja. Leo ana kibarua cha wiki tatu, kesho hana. Mtoto leo yuko kwa bibi Orlando, mwezi ujao yuko kwa mama yake Polokwane. Kila badiliko ni nafasi ya malipo kuzidi, na baina ya badiliko na karani kulijua hupita miezi. Mfumo wa kupima kipato huzaa malipo yaliyozidi kama vile mto unavyozaa matope.

Linganisha na kwetu. Pensheni jamii ya Zanzibar ilipoanza Aprili 2016 ilitoa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, bila kuuliza ana nini. Kiwango kilikuwa kidogo, lakini hakuna mzee wa Makunduchi anayeweza kuambiwa amezidishiwa kwa sababu mwanawe kamtumia fedha kutoka Muscat. Atakosea nini? Umri haurudi nyuma. Bara, TASAF inachagua kaya maskini, na ndiyo maana mwaka 2016 neno "kaya hewa" lilijaa magazetini na maelfu ya kaya zikaondolewa kwenye orodha. Baadhi zilikuwa hewa kweli. Lakini ukiweka mstari wa umaskini katikati ya kijiji ambacho wote ni maskini, lazima kuna watakaojikuta upande usio wao.

Tofauti ya kweli kwa hiyo iko kwenye kujua. Kuna aliyedanganya, kuna asiyejua, na kuna aliyelipwa zaidi kwa kosa la ofisi yenyewe. Haki inataka hawa watatu wasitiwe kapu moja. Sheria ya Msaada wa Jamii ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 inayo sehemu yake kuhusu kurudisha fedha zilizozidi, na inayo sehemu ya rufaa: mwombaji ana siku 90 za kulalamika tangu apate habari ya uamuzi. Juu yake iko Katiba, kifungu cha 33, kinachompa kila mtu haki ya maamuzi ya serikali yaliyo halali na ya haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki zake zinapoguswa. Si maneno madogo hayo. Maana yake ni kwamba barua yenye jumla tu, bila sababu na bila hesabu, haijatimiza wajibu wake.

Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa 2004 hadi Machi 2005 serikali, Waziri akiwa Zola Skweyiya, ilitoa msamaha kwa waliokuwa wakipokea ruzuku wasizostahili ili wajitokeze. Baada ya hapo uchunguzi ukawageukia watumishi wa serikali waliokuwa na mshahara na huku wanachukua ruzuku za maskini. Wengi walisaini hati za kukiri deni na wakawa wanakatwa kwenye mshahara. Hilo mimi sina ugomvi nalo. Mwalimu au askari mwenye mshahara anajua anachofanya, na makato yake yalimwachia chakula. Ugomvi wangu uko kwingine.

KADI, KAMPUNI NA VOCHA ZA SIMU

Wakala wa Hifadhi ya Jamii, SASSA, ulianza kazi 2006. Mwaka 2012 ukaipa kampuni ya Cash Paymaster Services, CPS kwa kifupi, zabuni ya kulipa ruzuku nchi nzima kwa miaka mitano, mkataba wa kama randi bilioni 10. CPS ilikuwa mtoto wa kampuni ya Net1, yenye makao yake Rosebank, hapahapa Johannesburg. Watu wakapangwa foleni upya, wakachukuliwa alama za vidole na sauti, wakapewa kadi na akaunti ya benki. Kwa upande mmoja ilikuwa hatua kubwa. Wafu waliokuwa wanalipwa wakapungua.

Kwa upande wa pili, CPS sasa ilijua kila maskini wa nchi hii anaitwa nani, analipwa ngapi na siku gani. Na ndani ya familia ileile ya Net1 kulikuwa na kampuni dada zinazokopesha, zinazouza bima ya mazishi, vocha za simu na umeme wa kulipia kabla. Hebu fikirini. Mwenye duka ndiye anayebeba mshahara wako, ndiye anayeujua kuliko wewe, na anakata deni lake kabla wewe hujafika dirishani. Kuanzia 2013 Black Sash ilipoendesha kampeni yake ya kutaka ruzuku zisiguswe, wazee walijitokeza mmoja mmoja: huyu kakatwa vocha na hana hata simu, yule kakatwa umeme na nyumba yake haina waya. Kampuni ilikana kufanya kosa, ikasema wateja waliridhia. Huenda wako walioridhia. Lakini kuridhia kwa bibi asiyesoma Kiingereza, aliyegusishwa kidole kwenye mashine, ni kuridhia kwa namna gani?

Black Sash wenyewe wana historia ya kuvutia. Ni wanawake wa Kizungu walioanzisha chama chao hapa Johannesburg mwaka 1955, wakipinga kunyang'anywa kura kwa Makaladi, wakisimama kimya barabarani na ukanda mweusi begani. Baadaye wakafungua ofisi za ushauri ambako watu wa pasi na wa pensheni walikuja na makaratasi yao. Zaidi ya nusu karne baadaye bado walikuwa wanasoma makaratasi ya watu maskini mstari kwa mstari. Yule mama wa dirishani aliyeniuliza kuhusu hesabu angeelewana nao sana.

Sheria ilisema nini? Ilisema ruzuku haiwezi kuwekwa rehani wala kuhamishwa, na kwamba makato ya moja kwa moja yanaruhusiwa pale tu Waziri atakapoweka kanuni, tena yawe kwa faida ya mpokeaji. Mnalikumbuka lile neno la mgodini? Kanuni zikaruhusu bima ya mazishi isiyozidi asilimia 10. Mlango mdogo, lakini ukishafunguliwa upepo hauulizi ukubwa wake. Mwaka 2016 serikali ikakaza kanuni ili kuziba. Net1 na wenzake wakaenda mahakamani Pretoria, na Mei 2017 Mahakama Kuu ikaona kwamba kanuni zile zilihusu ruzuku kabla haijalipwa, haziwezi kumzuia mtu atakavyotumia akaunti yake ya benki. Kwa mantiki ya sheria, hoja ina mashiko: fedha ikishaingia benki ni yangu. Kwa mantiki ya gogo haina tofauti yoyote, maana fedha iliingia saa sita usiku na kutoka saa sita na dakika moja.

RANDI MILIONI 316

Sasa twende Braamfontein, kwenye kilima ambacho zamani kilikuwa gereza. Pale walifungwa Gandhi na Mandela, na maelfu wasio na majina waliokamatwa kwa kukosa pasi. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilihamia hapo, ukuta wake ukijengwa kwa matofali ya gereza lenyewe. Kwetu wageni mwaka huo una maana ya pili. Machi 2004, katika kesi ya Khosa, raia wa Msumbiji waliokuwa na ukaazi wa kudumu walishinda: Mahakama ilisema kuwanyima ruzuku kwa sababu tu si raia ni kinyume cha Katiba. Hukumu iliandikwa na Jaji Yvonne Mokgoro. Mkongomani mwenye ukaazi wa kudumu anayepanga foleni leo na Wasotho na Wazulu anasimama juu ya hukumu hiyo.

Mahakama hiyohiyo mwezi Novemba 2013 ilitamka kwamba zabuni ya CPS ilitolewa kinyume cha sheria. Lakini haikusimamisha malipo, maana mamilioni wangelala njaa. Aprili 2014 ikasema kampuni inayofanya kazi ya dola ina wajibu wa kikatiba na haina haki ya kuchuma faida kutokana na mkataba haramu. SASSA ikaahidi kuichukua kazi yenyewe ifikapo Machi 2017. Muda ukafika, hakuna kilichoandaliwa. Tarehe 17 Machi 2017, zikiwa zimebaki wiki mbili, Mahakama ikalazimika kuongeza muda wa mkataba ule ule mbovu kwa miezi 12, safari hii ikiweka sharti kwamba taarifa za wapokeaji zisitumiwe kwa biashara nyingine. Waziri Bathabile Dlamini akaamriwa 2018 kulipa asilimia 20 ya gharama za kesi kutoka mfukoni mwake, na mwaka 2022 akatiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo mbele ya uchunguzi uliofuata. Mwaka 2018 Posta ikaichukua kazi ya kulipa, CPS ikatoka.

Lakini kisa nilichotaka kuwaletea ni hiki. Mwaka 2014 SASSA iliilipa CPS randi milioni 316 juu ya mkataba. CPS ilidai kwamba wakati wa kuandikisha watu upya ilisajili wengi kuliko ilivyokubaliwa. Corruption Watch, nao ni wa hapahapa Johannesburg, wakauliza: si kazi hiyohiyo mliyolipwa? Machi 2018 Mahakama Kuu ikakubaliana nao, ikaamuru fedha zirudishwe pamoja na riba. CPS ikakata rufaa. Septemba 2019 Mahakama ya Rufaa ikaitupa. Ikajaribu Mahakama ya Katiba, haikupokelewa. Na mwaka 2020 CPS ikaingia kwenye ufilisi.

Kwa kiwango cha 2012, wakati ruzuku ya mtoto ilikuwa randi 280, milioni 316 ni zaidi ya malipo milioni moja ya mwezi ya mtoto mmoja. Hayo nayo ni malipo yaliyozidi! Ni jambo lilelile kisheria: fedha ya umma imelipwa kwa asiyestahili, inatakiwa irudi. Lakini angalieni mwendo wake. Kampuni ilipewa sababu, ikapewa nafasi ya kusikilizwa, ikawa na mawakili, ikapanda ngazi tatu za mahakama, miaka sita ikapita kabla ya neno la mwisho, na hata baada ya neno la mwisho ikabaki kuwa deni kwenye meza ya mfilisi. Hakuna aliyeamka saa sita usiku akaikata kwenye akaunti yake. Bibi wa Alexandra yeye hukatwa kwanza, kisha akiweza alalamike.

Sisemi kampuni ingenyimwa haki ya kusikilizwa. La hasha. Nasema haki ile ile ya kusikilizwa kwanza iteremke mpaka kwa bibi.

Na si Afrika Kusini tu. Australia, kuanzia 2016, mashine ilikokotoa madeni ya wapokeaji kwa kugawanya kipato cha mwaka sawa kwa sawa, kana kwamba kibarua hupata kilekile kila wiki. Mwaka 2019 serikali ilikiri mahakamani kwamba haikuwa halali, na tume ya 2023 ikaieleza kwa maneno makali. Uholanzi, maelfu ya wazazi, wengi wao wenye asili ya ugenini, waliitwa matapeli wa posho za malezi na kudaiwa mamilioni kwa kosa dogo la karatasi. Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu. Mnaona nani aliyedaiwa kwanza? Wenye majina kama yetu.

BIBI WA GHOROFANI

Mtaani kwangu, ghorofa ya chini, kuna mama mtu mzima kutoka Bukavu. Kiswahili chake cha Kivu na changu cha Mrima hukutana ngazini kila asubuhi. Ananiita "mwalimu", mimi namwita "Mama Mukubwa" kwa lafudhi yake, naye hucheka. Ana ukaazi wa kudumu na pensheni. Siku moja nikamkuta amekaa ngazini, mikono mitupu, siku ya malipo. Kadi yake iko wapi? Iko kwa mashonisa. Hilo ni jina la huku la mkopeshaji wa mtaani. Alimkopa mwaka juzi kwa ajili ya msiba, akamwachia kadi na namba ya siri, na kila mwezi mashonisa ndiye anayekwenda kutoa, anakata chake, anamletea kinachobaki. Nikamuuliza, "Mama, deni limebaki ngapi?" Akanitazama kama nimemuuliza umri wa mlima. "Yeye njo anajua, mwalimu."

Yeye njo anajua. Nilikaa pale ngazini nikaona mgodi, nikaona kadi, nikaona ile barua yangu ya Ulaya. Makato yote haya, ya halali na ya haramu, ya dola, ya kampuni na ya mtaani, yana mzizi mmoja: anayekata ndiye peke yake mwenye hesabu.

Tulikaa tukaandika. Alikopa ngapi, amelipa miezi mingapi, kila mwezi anapokea ngapi. Alikuwa amekwisha lipa zaidi ya mara mbili ya mkopo. Tulikwenda kwa mashonisa na karatasi yetu, mimi, yeye na mzee wa kanisa lake. Hakukuwa na ugomvi. Kijana alisoma ile karatasi, akasema "ah, gogo", akatoa kadi. Mama Mukubwa akabadilisha namba ya siri siku ileile. Sidai kwamba kila mashonisa yuko hivyo. Wengine wangetoa kisu.

JIBU LA NDUGU YETU

Basi nirudi kwa aliyeniuliza, na kwa yeyote mwenye barua kama hiyo kwenye droo, maana najua mpo, na najua mmenyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Kwanza, usisaini jumla. Omba hesabu kwa maandishi, mwezi kwa mwezi: ulilipwa ngapi, ulistahili ngapi, kwa sababu ipi. Karibu kila nchi yenye mfumo wa posho inao utaratibu wa kukupa.

Pili, angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, uiandike ukutani. Rufaa nyingi hufa kwa kuchelewa, si kwa kukosa hoja.

Tatu, eleza kosa lilikuwa la nani. Kama uliripoti, tafuta ushahidi. Kama hukuripoti kwa kutojua, sema hivyo kwa ukweli. Kama ulijua ukanyamaza, basi ndugu yangu, lipa. Mali ya umma ya nchi iliyokupokea nayo ni amana.

Nne, hata deni la kweli lina mwendo wake. Eleza matumizi yako, omba wakate kidogo kidogo kiasi cha kukuachia chakula na kodi. Hapa Afrika Kusini, katika kesi ya makato ya mishahara iliyofikishwa na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Mahakama ya Katiba ilisema 2016 kwamba mshahara wa mtu usikatwe kwa deni bila jaji au hakimu kuliangalia jambo hilo, na sheria ya 2017 ikaweka ukomo wa asilimia 25. Nyumbani Tanzania wenzetu wenye mikopo ya elimu ya juu walipandishiwa makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara mwaka 2016, na ilichukua miaka mitano ya kelele mpaka ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ikafutwa 2021. Kelele zinasaidia, ila zenye hesabu zinasaidia zaidi.

Tano, mwambie mtu. Aibu ndiyo mshirika mkubwa wa mkataji. Mimi nilimficha mke wangu miezi mitatu, na alipokuja kujua hakuniuliza kuhusu fedha. Aliniuliza kwa nini nilikula mkate mkavu peke yangu.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, na mimi siwapingi. Lakini kabla ya dawa huwa kuna kipimo. Tuwe na ujasiri wa kuomba kipimo, iwe dirishani Ulaya, Rosebank au kwa mashonisa wa ngazi ya chini.

Naomba kuwasilisha. Aliye na kisa au anayeona nimekosea tarehe, anisahihishe bila haya.

Wasalaam,
Johannesburg